Mlango wa Pamba Fifi

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nashona sare za shule sebuleni mwangu, mtaa wa Manyatta, cherehani ikiwa imeelekezwa dirishani, na wateja huja wenyewe na watoto wao na kelele zao. Sioni sababu ya kwenda popote. Dada yangu mkubwa husema nimekaa ndani mpaka nimeanza kufanana na kochi, na siku nitakayokufa watu watabishana wazike kipi.

Kosa langu moja ni kwamba nina mwandiko mzuri. Nilimaliza kidato cha nne, na tangu siku hiyo ukoo mzima na nusu ya mtaa wamenifanya mwandishi wa historia za marehemu. Mtu akifa, hata jeneza halijachaguliwa, naletewa kikaratasi: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alioa nani, aliugua nini, ameacha nani. Mimi napanga, napamba kidogo, inasomwa mbele ya waombolezaji, watu wanalia. Nimewazika wengi bila kutoka nyumbani.

Kwa hiyo dada yangu alipobisha hodi asubuhi moja na samaki wawili ndani ya gazeti, nilijua kuna msiba.

"Nani tena?" nikamuuliza.

"Jengo," akasema, akaketi.

Dada yangu anauza samaki wa kukaanga kwenye veranda ya ghala la zamani la pamba, katika soko dogo huko mbele ya Otonglo, unapoiacha barabara ya Busia na kukata kushoto kuelekea ziwani. Alianza kukaanga pale akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto huyo leo ana ndevu. Mwenye ghala alikuwa mfanyabiashara wa zamani zile za kununua pamba, akafa, mwanawe akafa, na mjukuu anayeishi mbali alikuwa amepata mtu wa kununua kiwanja ajenge kituo cha mafuta. Wakala wa mjukuu alikuwa amekuja na tepu kupima.

"Amenipima na mimi," dada akasema. "Ati, Mama, inua miguu. Nikainua. Mafuta yanachemka, mimi nimeinua miguu kama kuku wa kuchinjwa."

Redioni alikuwa amesikia kwamba serikali ina orodha ya majengo ya kihistoria, na jengo likiingia humo halivunjwi ovyo. Mtu yeyote anaweza kulipendekeza. Akatoa karatasi kutoka chini ya samaki. Alikuwa amepitia saiba ya Kondele, kwa wale wa kompyuta, wakamchapishia fomu.

"Andika historia yake. Si ndiyo kazi yako?"

"Mimi huandika za waliokufa."

"Basi andika haraka kabla halijakufa."

Nikaandika. Na sitaficha aibu yangu: sikujua namna nyingine ya kuandika. Nilianza kwamba jengo hili lilizaliwa katika familia ya mawe na mabati, karibu na ziwa. Nikaendelea kwamba lilifanya kazi kwa bidii hadi kilimo cha pamba kilipolala, kisha likaishi maisha ya utulivu, likipendwa na watu wote. Mahali palipoulizwa hali ya sasa nikaandika linaendelea vizuri ila lina tatizo la paa. Mwishoni nusura niseme limeacha milango miwili na wajukuu wengi.

Milango hiyo miwili ndiyo ilikuwa moyo wa jambo lenyewe. Ghala lina milango miwili mbele, na juu ya kila mmoja palikuwa na neno lililopakwa kwa rangi nyeusi. Juu ya mlango wa kulia, SAFI. Juu ya wa kushoto, FIFI. Pamba nyeupe isiyo na takataka ilipita kulia, ikalipwa bei nzuri. Pamba yenye madoa na majani makavu ilikwenda kushoto, ikalipwa bei ya kuhurumiwa. Marehemu mama yetu alilima pamba. Mimi na dada tulikaa naye siku nzima kwenye mkeka tukitoa vijani kimoja kimoja mpaka vidole vikawa na malengelenge, akabeba gunia kichwani, tukamfuata. Karani akachota pamba kiganjani, akaitazama kana kwamba imemtukana, akanyoosha kidole kushoto. Kila msimu ilikuwa kushoto. Mama amekufa bila kupita mlango wa kulia. Na dada yangu, bila mtu kumpangia, aliweka jiko lake chini ya neno FIFI.

Hayo yote niliyaandika, kwenye mistari mitatu waliyotuachia.

Fomu ilitaka pia picha. Dada akasema njoo upige, simu unayo. Nikamwambia ya nini, mimi naikumbuka ile milango hata nikiwa usingizini. Nikachukua rula na penseli ya kuchorea vitambaa, nikachora ghala lote, herufi na kila kitu, nikiwa nimeketi hapo hapo kwenye cherehani. Ulikuwa mchoro mzuri. Nimeulaani sana tangu wakati huo.

Miezi ikapita. Nilikuwa nimeshaisahau fomu, siku moja simu ikalia, sauti ya msichana mpole, afisa wa mambo ya majengo ya kale. Amesoma ombi letu. Atakuja Alhamisi kuona zile herufi.

Nikampigia dada. Nikasema, "Wageni wa serikali wanakuja Alhamisi. Jiandaeni." Nikakata, nikarudi kwenye kola ya shati.

Sasa, mtu aliyekulia kwetu anajua mgeni akitarajiwa kinafanyika nini. Akina mama wanachota udongo, wanachanganya na kinyesi cha ng'ombe, nyumba inapakwa upya ndani na nje, ua unafagiliwa mpaka ardhi inaona aibu. Mgeni hapokelewi kwenye ukuta mchafu. Najua hivyo. Nimekua nikilowa udongo huo. Na bado nilikata simu, nikashona kola.

Alhamisi nikapanda pikipiki, nimevaa koti, nikishika kofia yangu na kumlaumu dada kimoyomoyo kwa kunitoa nyumbani. Tulipokata kona ya soko, dereva akapunguza mwendo.

"Mzee, hapa kumefunguliwa kanisa?"

Ghala lilikuwa linang'aa. Kuta zilikuwa rangi ya maziwa, nguzo za veranda buluu. Sakafu ilikuwa imesiribwa udongo vizuri, yenye mawimbi ya viganja. Akina mama wote wa soko walikuwa wamejipanga mbele wakiwa na vitambaa vipya kichwani, na katikati palikuwa na kiti kimoja kilichovikwa shuka la maua, kando yake soda. Juu ya milango hapakuwa na kitu. Palikuwa peupe, laini kama paji la uso la mtoto.

"Umeona?" dada akaniuliza. Alikuwa amefurahi hata macho yalikuwa yanalengalenga. "Rangi ilibaki ya kanisani, wakatupa. Siku mbili tu. Na huo upande wa kulia plasta ilikuwa inadondoka, shemeji akatubomolea yote akatupigia simenti mpya. Simenti ikaisha, kwa hivyo kushoto tumepaka tu."

Nilitafuta mahali pa kuketi na mahali pekee palikuwa kile kiti cha mgeni.

Afisa akafika. Binti mdogo, viatu vya raba, mkoba mgongoni. Vigelegele vikapigwa. Akatabasamu, akapita kiti, akapita soda, akasimama kati ya milango miwili na kuangalia juu. Akatoa fomu yangu, akaangalia mchoro, akaangalia juu tena.

"Ni hapa palipoandikwa?"

"Ni hapa," nikasema.

"Nani amepaka?"

Mikono ikainuka yote, kwa furaha. Mwenyekiti wao akasogea mbele. "Ni sisi, Madam! Karibu sana. Ungekuja wiki jana ungeona aibu, palikuwa pachafu!"

Binti akaketi kwenye ngazi, kwenye udongo mbichi, na suruali yake. Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alionekana tu kama mtu aliyechoka, aliyetembea mbali na kukuta duka limefungwa.

"Si nyinyi peke yenu," akasema. "Kila ninapoenda nakuta rangi mbichi. Mama, mimi sitafuti penye kupendeza. Natafuta kile kilichokuwepo."

"Kwani uchafu ndio historia?" dada akauliza.

"Mara nyingi, Mama."

Yawa! Mtu akaondoa shuka kwenye kiti.

Akaniuliza kama nina picha. Nikasema nilichora. Akauliza kama kuna mtu mwingine mwenye picha. Mama mmoja akakimbia nyumbani, akaja na picha ya ubatizo wa mjukuu iliyopigwa mbele ya ghala. Ilikuwa nzuri, watu kumi na tano wamesimama mstari, na kofia ya mchungaji imefunika herufi zote.

Afisa akatueleza bila kuzungusha. Maghala ya mawe na mabati ni mengi. Hili alikuwa amelipenda kwa ajili ya yale maneno, kwa sababu yanaonyesha jinsi wakulima walivyogawanywa mlangoni. Bila maneno, hana cha kupeleka mezani. Akaugusa ukuta wa kulia, akaugonga, akatikisa kichwa: simenti. Akaugusa wa kushoto kwa kidole chenye mate. Rangi ya maji. Ikatoka kidogo.

"Sifongo," akasema. "Maji ya vuguvugu na brashi laini. Sio msasa, sio kisu, sio waya. Herufi zikitokea nitumieni picha. Picha, Mzee. Sio mchoro."

Akanywa soda yake, akashukuru, akaondoka. Wakala naye alikuwa ameshasema mnunuzi anakuja mwisho wa mwezi.

Ndivyo nilivyojikuta, mimi kochi, juu ya ngazi iliyoazimwa kanisani, na mswaki mkononi. Akina mama walikataa kushika ukuta tena; waliogopa hata kuuegemea. Dada alikuwa na samaki wake. Na kusema kweli, kila mtu alikuwa amekubaliana bila kikao kwamba kosa ni la yule mwenye simu ambaye hakupiga picha.

"Omera, sugua, sugua!" walikuwa wakinitania toka chini. "Fundi wa sare sasa anafua ukuta!"

"Usisahau na kola!"

"Mwacheni, anatafuta marehemu."

Moshi wa mafuta ulipanda moja kwa moja puani mwangu. Mgongo uliuma mahali ambapo sikujua nina mgongo. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na wateja walinipigia simu wakiwa mlangoni pangu, Baba uko wapi, mtoto hana kaptula, nami najibu niko kwa ngazi, wanadhani ni mzaha. Siku ya kwanza nilitoa maziwa matupu. Siku ya pili, maziwa. Nilianza kufikiri kwamba pengine hapakuwa na neno lolote, kwamba tulilibuni sisi wawili utotoni ili tupate wa kumlaumu.

Siku ya tatu, karibu na saa ya chakula, brashi ikapita na chini yake pakabaki kivuli. Mstari uliosimama. Nikabadilisha maji. Kikaja kijimkono pembeni, kingine kifupi chini yake. Niliogopa nikisema neno kitatoweka. Nilisugua kama mtu anayemfuta mtoto aliyelala. Hadi alasiri zilikuwa zimetoka zote nne, zimepauka, ya mwisho imekatika mguu, lakini zinasomeka.

Nikasikia huko chini samaki hageuzwi tena. Dada alikuwa amesimama na kijiko mkononi, shingo ameinua.

"Ni mwandiko wenyewe," akasema. Akaelekeza kijiko kulia. "Na ile nyingine?"

"Ile imekwenda na plasta."

Akaangalia mlango wa kulia, na simenti yake nzuri. Akacheka, lakini kwa pua tu. "Mama alivyoitaka ile SAFI."

Nikapiga picha. Nilipiga nyingi mpaka simu ikalalamika. Nikatuma. Kesho yake jibu likaja: picha zimepokelewa, ombi linaendelea, na barua itatumwa kwa mwenye kiwanja kwamba jengo lisiguswe hadi uamuzi utolewe. Barua ilitumwa kweli. Mnunuzi hakuja mwisho wa mwezi. Wakala alikuja, akasimama, akatazama zile herufi nne kwa chuki, akanunua samaki, akaenda.

Uamuzi haujatoka hadi leo ninapoandika. Dada yangu bado anakaanga hapo hapo, miguu chini. Afisa amesema huenda atarudi na wakubwa wake, hajui lini. Neno hilo tu, kurudi, limenitia taabuni, maana wageni ni wageni. Kwa hiyo kila siku ya soko mimi naacha cherehani, napanda pikipiki, naenda kukaa kwenye ile veranda ili kuwazuia wanawake watu wazima wasisafishe.

Wiki iliyopita nilifika nikamkuta dada amepanda juu ya kreti ya soda, ncha ya leso mkononi, ananyoosha mkono kwenye F ya kwanza.

"Usiguse!"

"Nafuta vumbi tu."

"Hata vumbi ni la serikali. Shuka."

Akashuka, akininung'unikia, akanisukumia kiti. Nikaketi chini ya lile neno. Kilikuwa kigumu mno, kile kiti, na nililikumbuka kochi langu kama mtu anavyomkumbuka mzazi. Akaniwekea samaki mbele, ambaye amevunjika mkia.

"Huyo ni wako," akasema. "Wazima ni wa wateja."