Kiraka cha Meli ya Vita

Mwanangu, ingawa si mimi niliyekuzaa, katika siku zote nilizoishi hapa Stockholm, ipo moja isiyonitoka kichwani: siku niliyopaka rangi juu ya ufa.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilitoka Tanga kuja kusomea uuguzi, na baba yangu alijisifu mtaa mzima. Mwaka wa pili nikaacha, nikaenda kujifunza kuchomelea vyuma, kwani mikono yangu ilipenda moto kuliko sindano. Baba aliposikia aliniandikia mistari mitatu tu: hakuzaa binti ili akalale chini ya meli kama kibarua. Kisha akanyamaza. Miaka miwili hakujibu barua zangu. Ninyi vijana wa leo, ujumbe ukikaa tangu asubuhi bila jibu mnaona mmetengwa. Hebu fikirini miaka miwili.

Nikapata kazi kwenye karakana ya meli kando ya ziwa. Asubuhi moja ikapandishwa chelezoni meli ya ajabu. Tumbo lake bapa kama sinia, na pua yake yote ni mlango unaoshuka mbele kama daraja. Miaka mingi ilikuwa ikibeba kokoto kwenda visiwani, na sasa mwenye nayo alitaka ivushe watu na magari yao. Ubavuni ilikuwa na kiraka cha chuma, kimechomelewa kwa mistari iliyopinda na vinundu kama ugali usiosongwa. Nikacheka kwa sauti. Nikawaambia wenzangu hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza angekionea aibu.

Kazi yangu ilikuwa kukagua kingo za kiraka hicho. Kwenye pembe moja nikaona ufa, mwembamba kama unywele. Ilikuwa Ijumaa na jua lilikuwa linawaka, na siku ya jua hapa mnajua tunavyoigombania. Nikajiambia, chuma kizee kama hiki, nani atajali? Nikapaka rangi, nikaenda zangu kuogelea.

Jumatatu akapita Sture, msimamizi wetu, mzee aliyekaribia kustaafu. Alikuwa na nyundo ndogo, anagonga na kusikiliza. Alipofika pale akasimama, akakwangua rangi kwa kisu. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Ufa huu uliuona?"

"Niliuona."

"Na kiraka hiki ulikicheka. Nimeambiwa."

Akapindua ndoo, akaketi, akanionyesha nyingine niketi. Ndipo akanisimulia historia ya meli ile.

Haikuundwa kwa ajili ya kokoto. Iliundwa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, ipeleke askari na vifaru kwenye fukwe zisizo na bandari, ambako adui anasubiri na mizinga yake. Tumbo lilifanywa bapa ili iparamie mchanga, na mlango ukawekwa puani ili watu watoke mbio. Safari moja, ikiwa imekwama mchangani, kombora likaitoboa ubavu. Ndani walikuwa wamelazwa majeruhi. Maji yalikuwa yanajaa, na yangelifikia lile tundu meli ingezama nao. Basi fundi mmoja akashushwa kwa kamba, akaning'inia ubavuni huku risasi zinapita, akachomelea bamba. Maji yakaiinua meli, wakarudi wote hai.

Vita vilipokwisha meli ikauzwa. Sture, baharia kijana wakati huo, alikuwa miongoni mwa walioivusha bahari kuileta Sweden. Mtu aliyewakabidhi alikuwamo melini siku ile ya kombora, na alimsimulia Sture hayo huku ameweka kiganja juu ya kiraka.

"Yule alikuwa na dakika chache, tena anapigwa risasi," Sture akasema. "Wewe ulikuwa na siku nzima, na jua."

Nikamuuliza, "Unanifukuza?"

"Hapana. Nenda kachomelee."

Nilichomelea siku mbili. Alipokuja na nyundo yake alisikiliza kwa muda mrefu, kisha akatikisa kichwa kukubali, akaondoka. Kiraka chenyewe tulikiacha mahali pake.

Juma hilo nikamwandikia baba. Nilijua alikuwa askari vitani, maana nishani yake ilikaa kabatini, lakini sikuwahi kumuuliza neno. Nikauliza: Baba, uliwahi kupanda meli inayofunguka pua?

Jibu lilikuja baada ya wiki tano, kurasa sita. Alishushwa na meli ya aina hiyo Madagaska. Yeye aliiita Bukini. Si meli ileile, nisije nikatia chumvi, zilikuwa nyingi. Aliandika jinsi walivyosongamana wakitapikiana, mlango uliposhuka mwanga ukawachoma macho, maji yakawafika kifuani, bunduki juu ya vichwa. Rafiki yake Hamisi alikuwa mfupi, basi baba akamshika ukosi hadi mchangani. "Hakuna aliyewahi kuniuliza," aliandika. Na mwisho: "Kumbe kuna mtu alilala chini ya meli ile ndipo mimi nikafika. Chomelea vizuri, binti yangu."

Nilimpelekea picha yangu nimesimama mbele ya meli, barakoa ya kuchomelea mkononi. Dada yangu aliniambia baba aliitundika sebuleni, na kila mgeni akaambiwa, "Huyu ni fundi wa meli za vita." Kila ninapolikumbuka hilo kifua kinanijaa, hata leo, bibi wa watu nisiyeweza kupanda ngazi za mtaani kwetu Bredäng bila kupumzika.

Sasa nisikilize. Usicheke kazi ya mtu kabla hujajua aliifanya katika hali gani. Mama yako anapanda treni ya alfajiri kwenda Märsta kusafisha ndege za abiria, akirudi unamjibu neno moja la Kiswidi na kuingia chumbani. Kaa naye. Muulize alipita wapi hadi akafika hapa, na muulize kwa Kiswahili, maana mengine hayasimuliki kwa lugha nyingine. Na kazi utakayopewa, hata ile ambayo hakuna atakayeikagua, ifanye kwa ukweli, kwa sababu wapo watakaosafiri juu yake.

Mungu akupe mikono miaminifu, akupe watu wa kukuonya bila kukufukuza, na wazazi wako wakutaje kwa fahari mbele ya wageni. Amina.