Mbwa Niliyemwita

Mwaka jana, wakati wa mavuno, nilirudi Ubaruku kuuza kiwanja cha bibi. Sikukaa hata siku mbili. Mnunuzi alikuwa na haraka na mimi pia, kwa hiyo asubuhi tukamaliza mambo ya karatasi ofisi ya kijiji, na mchana nikaenda kupaangalia mara ya mwisho. Jiko la bibi lilikuwa limeshabomolewa, pamemwagwa lori zima la mchanga. Nilisimama hapo nikisikiliza mashine za kukoboa mpunga zikinguruma upande wa barabarani. Upepo ukaleta vumbi la pumba, lile linalowasha shingoni na kwenye kope, na mara nikajiona nina miaka kumi na moja, nimechuchumaa jikoni, kichwa cha mbwa kiko mapajani mwangu, bibi anamsafisha sikio.

Sijui kama wewe umewahi kutunza mbwa mgonjwa, rafiki yangu. Sizungumzii mbwa wa kuumwa wiki moja akapona. Nazungumzia mbwa ambaye ukimtibu jicho anakohoa, kikohozi kikitulia anashindwa kuinuka.

Tulikuwa watatu nyumbani: bibi, baba na mimi. Mama alifariki nikiwa sijaanza shule. Baba alikuwa fundi wa mashine ya kukoboa, na bibi, mama yake, alilima majaruba matatu ya mpunga kando ya mfereji. Ng'ambo ya mfereji walikaa Wasukuma, wafugaji waliotoka kaskazini na ng'ombe wengi. Baba hakuwapenda. Ng'ombe wao waliwahi kuingia jarubani kwetu mpunga ukiwa umeanza kuchanua, wakala karibu nusu. Kesi iliisha kwa mwenyekiti, lakini moyoni mwa baba haikuisha. Bibi yeye aliendelea kubadilishana na mama wa familia mojawapo ya wafugaji hao, mchele kwa maziwa. Kila Jumamosi walikaa jikoni, kibuyu katikati yao, wakicheka mambo yao kwa Kiswahili cha kuungaunga, mmoja akichanganya Kisukuma, mwingine Kibena.

Mwaka ule majani yalikauka mapema sana. Wafugaji wakaamua kuhama tena, kwenda kusini, safari ya wiki nyingi kwa miguu nyuma ya ng'ombe. Siku moja kabla ya kuondoka, yule mama alivuka mfereji akimvuta mbwa kwa kamba ya katani. Mbwa mkubwa wa rangi ya udongo, mdomo umeshakuwa mweupe.

"Mayu," alimwambia bibi, kwa heshima ya kwao ya kumwita mama, "huyu hafiki kule. Mzee amesema tumpige rungu yaishe. Mimi siwezi. Amelala mlangoni kwangu tangu tunatoka Kahama. Watoto wangu wote amewalinda yeye."

"Ana nini?" bibi akauliza.

Yule mama alicheka kwa aibu. "Bora uniulize hana nini."

Jina la mbwa lilikuwa Kahama, jina la walikotoka.

Bibi hakuwa mtu wa mbwa. Sijui kwa nini alikubali, na sikuwahi kumuuliza. Nadhani aliona aibu kumnyima rafiki yake ombi la mwisho. Alichukua kamba, akamfunga mbwa kwenye nguzo ya jiko, na yule mama akaondoka haraka bila kugeuka nyuma. Kahama alilia siku tatu.

Kisha akaja bwana mifugo na pikipiki yake. Alimpima Kahama kuanzia masikio mpaka mkia, na kila alipogusa alitikisa kichwa. Macho yote mawili yalikuwa na ukungu, haoni isipokuwa kivuli. Sikio la kushoto lilikuwa na kidonda cha ndani kinachotoa usaha. Nyonga ilishapigwa teke na ng'ombe ikapona vibaya. Moyo wake ulikuwa umechoka, ndiyo maana alikohoa akipanda hata ngazi moja. Na alikuwa na kifafa.

"Bibi, hili ni gari bovu," bwana mifugo alisema. "Ukitengeneza breki, injini inazima. Haya magonjwa hayaponi. Yanatunzwa tu."

"Hata yangu yanatunzwa tu," bibi akajibu. Alikuwa na sukari na presha, kliniki kila mwezi. "Niandikie."

Basi nyumba yetu ikawa na makopo mawili ya dawa, la bibi na la Kahama, yamekaa sambamba juu ya kabati la vyombo. Kazi ya kumtunza tuligawana. Asubuhi tulimsafisha sikio kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Mimi nilishika kichwa, bibi akazungusha pamba, na harufu ilikuwa mbaya kiasi kwamba nilipumua kwa mdomo. Kidonge cha kifafa tulikificha ndani ya tonge la ugali lililopakwa mafuta ya kambale. Jioni bibi alimkanda nyonga kwa mafuta ya alizeti ya moto. Tulimshonea godoro la gunia lililojazwa pumba, na kila zilipolowa mkojo nilizimwaga, nikabeba nyingine kutoka kwenye lundo la nyuma ya mashine. Chakula chake kilikuwa chenga za mchele zilizopikwa laini na vichwa vya dagaa.

Nilipolalamika, au nilipoanza kulia nikimwona anatetemeka, bibi alikuwa na neno lake moja: "Dawa kwanza. Huruma baadaye."

Mara ya kwanza Kahama alipodondoka kwa kifafa, baba ndiye aliyekuwa karibu. Alimshika miguu asijigonge kwenye mawe ya jiko, akamshikilia mpaka kikapita, kisha akanawa mikono. Nataka ukumbuke hilo, rafiki yangu, kwamba baba alikijua kile kifafa.

Lakini ilikuwa miezi mizuri. Kahama alinenepa kidogo. Alijifunza nyumba kwa pua. Nikirudi shule alinisikia nikiwa bado kwenye daraja la mfereji, akaanza kupiga ardhi kwa mkia. Nikimwita alikuja moja kwa moja, bila kupapasa, kana kwamba sauti yangu ilikuwa njia aliyochorewa.

Mpunga ulipoanza kuiva, kidonda kilitoka kwenye mguu wa bibi, kidogo kama tundu la sindano. Baada ya wiki mbili kilikuwa cheusi. Wakampeleka Mbeya, hospitali kubwa. Asubuhi ya kuondoka, gari likiwa limeshafika, aliniita ndani, akaniwekea kopo la Kahama mikononi.

"Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Usiruke. Ukiruka, kifafa kinarudi na nguvu. Umenisikia, mjukuu wangu?"

"Nimesikia, bibi."

Wiki mbili nilifanya kila kitu. Kisha ukaja msimu wa ndege. Wewe kama hukukulia kwenye mpunga hujui: kweleakwelea wakishuka jarubani, kwa siku moja unabaki na mabua. Watoto wote tulikwenda kuamia, kuwafukuza kwa kelele na makopo na mipira ya udongo, tangu jua halijatoka mpaka linapozama. Nilirudi nimekauka sauti. Jioni moja nililala bila kumpa Kahama kidonge. Kesho yake nikaamka na hofu, nikakimbia jikoni, nikamkuta mzima, anapiga mkia. Basi nikaona kumbe si lazima. Jioni nyingine nikaruka tena. Kisha asubuhi. Ikafika siku ambayo sikufungua kopo kabisa, na sikuona lolote.

Ilikuwa Jumamosi mchana, siku ya watu wengi mashineni. Kahama alinifuata barabarani nilipompelekea baba chakula. Alidondoka mbele ya foleni ya watu na magunia yao. Akakaza miguu, akajikunja, povu likamjaa mdomoni.

"Kichaa! Mbwa ana kichaa!"

Watu walikimbia wakaacha magunia yao. Mama mmoja alipanda juu ya mkokoteni na mtoto wake mgongoni. Kifafa kilipopita Kahama alijivuta, hajui aliko, akaingia chini ya lori lililokuwa limeegeshwa. Wanaume wakarudi na miti. Hakuna aliyethubutu kuinama.

Baba alitoka mashineni, mweupe kwa vumbi. Jirani yetu mmoja akamwambia mbele ya wote, "Huyu si mbwa wa Wasukuma? Wamekulisha hasara, na bado unawafugia mbwa wao waje watuue?"

Watu wakamtazama baba. Neno moja lingetosha. Ni kifafa, angesema, anatumia dawa, muulizeni bwana mifugo. Baba alijifuta uso kwa kiganja.

"Mmalizeni," alisema.

"Hatoki," mtu mmoja akajibu.

Baba akanigeukia. "Mwite."

"Baba, ni kifafa. Ni kile kifafa chake."

"Najua. Mwite."

Nilikuwa na miaka kumi na moja, na yule alikuwa baba yangu. Nikamwita. Sauti ilikuwa imekauka kwa ajili ya ndege, lakini aliijua. Alitoka chini ya lori akichechemea, pua mbele, mkia unapiga huku na huku. Baba akaniambia nitembee. Nikatembea nikimwita, naye akanifuata kupita kando ya mashine, hadi nyuma, kwenye lundo la pumba. Wanaume wawili wenye miti walikuja nyuma yetu kimya. Nikaambiwa niende nyumbani. Nilikimbia, lakini mashine ilikuwa imezimwa kwa sababu ya ile vurugu, kwa hiyo nilisikia.

Hawakumzika. Kwa sababu ya hofu ya kichaa, walimchoma pale pale kwenye pumba.

Jioni baba alirudi mapema. Alichukua kopo la Kahama juu ya kabati, akalitikisa karibu na sikio lake.

"Vimebaki vingi humu," alisema. "Bibi yako alikuachia kazi moja tu." Akalirudisha kopo polepole. "Mimi sitamwambia kuhusu hivi vidonge. Na wewe hutamwambia habari za leo. Alikufa mwenyewe, amelala. Tumeelewana?"

"Ndiyo, baba."

Hakupiga kelele. Alizungumza nami kama anavyozungumza mtu mzima na mwenzake wanapopatana bei.

Bibi alirudi baada ya mwezi, amekatwa vidole vitatu vya mguu. Hata hakuketi. "Yuko wapi?"

Nilimwambia. Nilishangaa jinsi nilivyojua kusema. Akaniuliza alilalia upande gani, nikasema wa kulia, ule wenye nyonga nzima. Akauliza kama alihangaika, nikasema hapana, alishusha pumzi tu, kichwa kikiwa mapajani mwangu. Akauliza alizikwa wapi. Baba alitazama pembeni. Nikaonyesha mpapai kando ya mfereji. Bibi alikwenda hadi pale kwa fimbo, mguu umefungwa bandeji, akaweka jiwe. Aliporudi alinishika kichwa. "Umefanya vizuri, mjukuu wangu. Ahsante."

Kisha akampigia simu yule mama, huko kusini. Alipaza sauti kama wazee wanavyofanya kwenye simu, kwa hiyo nilisikia uongo wangu wote ukisimuliwa upya, mpaka upande wa kulia na ile pumzi. Yule mama alilia. Miezi michache baadaye mumewe alipita Ubaruku, akaleta chupa ya samli. "Ya yule mtoto," alisema. "Mke wangu amesema apewe mkononi."

Bibi alipika wali mweupe, akaumwagia samli ikayeyuka juu. Harufu ilijaa nyumba nzima. Baba alikula sahani mbili. "Wasukuma wanajua samli," alisema, akilamba vidole. Mimi nilikula nikamaliza, maana bibi alikuwa ananitazama kwa furaha.

Aliishi miaka minne zaidi. Nesi wa zahanati alipouliza nani wa kumpangia dawa pale nyumbani, bibi alininyooshea kidole. "Huyu. Huyu hasahau." Kwa miaka minne sikuruka hata kidonge kimoja, na kila kimoja kilinichoma. Mara nyingi nilifungua mdomo nimwambie. Nikamtazama mguu, nikamtazama alivyochoka, nikaufunga. Alikufa akiniamini, na hilo ndilo siwezi kulisahihisha. Wale wafugaji nao namba yao ilipotea na simu ya bibi. Mpapai hata shina halipo. Wenye kiwanja wapya wanajenga fremu za maduka.

Baba nakaa naye mimi sasa, hapa mjini Mlandege. Ana presha, miguu imemvimba, jicho moja limeingia ukungu. Akili iko sawasawa. Anakumbuka mikanda ya ile mashine kwa namba, anakumbuka jaruba lililoliwa na ng'ombe na jina la mwenyekiti aliyeamua kesi. Nilipotoka Ubaruku kuuza kiwanja nilimkuta amekaa kibarazani, anaota jua. Nikampa maji na vidonge vyake vya mchana, nikakaa kwenye ngazi, na neno nililolibeba tangu utoto likanitoka bila kupangwa.

"Baba, kwa nini ulinifanya nimwite yule mbwa?"

Alimeza, akanirudishia kikombe. "Mbwa gani?"

Nilimtazama usoni kwa muda mrefu, nikitafuta kama anajifanya. Hakuwa anajifanya.

"Kahama," nikasema.

Alifikiri kweli, kwa bidii, amekunja paji la uso ili anisaidie.

"Kahama," alisema mwishowe. "Hapana. Mimi Kahama sijawahi kufika."