Mama Saumu na pumzi iliyomtenga na mjukuu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Wafanyakazi tisa wamepanga foleni nje ya stoo ya kiwanda, kila mmoja na barakoa yake mkononi. Mbele yao, juu ya kigoda, ameketi mtunza stoo ambaye humu hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Pua.

Mmoja baada ya mwingine wanainama na kumpulizia pumzi usoni.

"Safi, pita. Safi, pita. Wewe hujapiga mswaki, lakini pita."

Wa sita ni mwanamke wa miaka hamsini na moja, mfupi, mwepesi wa kucheka. Anapuliza. Pua anafumba macho, anamwomba arudie, kisha anatikisa kichwa.

"Bado, dada yangu. Imepungua, lakini ipo."

Mwanamke anacheka, anapokea kadi nyekundu na kuelekea chumba cha kufungashia. Akishapita mlango, kicheko kinakatika. Leo ni siku ya sitini na nane.

Wenzake wanamwita Mama Saumu, na hilo si jina la ubatizo wala la babu. Amelipata humu humu, kwenye matangi ya teluri.

Teluri ni kitu adimu, cha kijivu kinachong'aa, na hutumika kutengenezea baadhi ya paneli za sola. Hapa huletwa ikiwa imeyeyuka ndani ya maji ya magadi makali, huioni kabisa. Kwa miaka kumi na tisa Mama Saumu amekuwa akitumbukiza sahani kumi na nne za chuma ndani ya tangi na kupitisha umeme. Polepole teluri hujitoa majini na kuganda juu ya sahani. Tangi moja huchukua siku mbili.

"Umeme uwe mdogo, na wewe uwe mpole," anasema huku akifunga maboksi. "Ukiisukuma inakukimbia."

Tatizo ni kwamba teluri kidogo tu ikiingia mwilini, vumbi lisilojaa hata ncha ya sindano, pumzi hunuka kitunguu saumu kwa wiki kadhaa, pengine miezi. Mwenyewe haisikii harufu hiyo. Zahanati hupima wafanyakazi kila mwezi, lakini wao waliona mwezi ni mbali, wakamchagua mwenzao mwenye pua kali awanuse kila asubuhi. Anayenuka hakaribii tangi mpaka asafike, na posho yake ya mazingira hatarishi, karibu theluthi ya mshahara, husimama.

Mama Saumu halalamikii posho. Kinachomuuma ni kingine.

Siku sitini na nane zilizopita, saa nane mchana, binti yake wa pekee alimpigia simu kwamba uchungu umeanza. Tangi la Mama Saumu lilikuwa limebakiza saa sita. Desturi yao ni kwamba aliyetumbukiza sahani ndiye anayezitoa, kwa kuwa ndiye anayejua zilivyokwenda. Angeweza kumwomba mwenzake, na wenzake wanasema wangekubali. Hakuomba. Aliongeza umeme.

"Nilijua kabisa ninachofanya," anasema. "Haraka haraka haina baraka, nimewaimbia vijana miaka yote. Siku hiyo nikajifanya sijawahi kuisikia."

Ndani ya dakika ishirini maji yakageuka zambarau, kama maji uliyosuuzia shati jipya linalochuja. Teluri iliyokwisha kuganda ilikuwa inarudi majini. Alizima umeme, akafungua bomba la hewa ili ijitenge tena, na kweli ikashuka, unga mweusi. Lakini povu lilirukaruka, na barakoa yake ilikuwa inaning'inia kidevuni. Alikuwa ameishusha apokee simu.

Mjukuu wa kiume alizaliwa usiku huo. Siku ya tatu bibi yake akafika, mikono tayari kumpokea.

"Nikainama nimchukue. Binti yangu akajifunika pua na shuka. Mara akajifanya anafuta jasho. Alifikiri sikuona."

Muuguzi wa zahanati alikwisha kumhakikishia kwamba harufu ile haimdhuru mtoto. Binti naye hupiga simu kila jioni: "Mama, njoo tu, nimekumiss." Mama Saumu hajaenda tena. Anasema kwa sauti ndogo kwamba aliona aibu, na kwamba hataki harufu ya kwanza ya bibi ambayo mtoto ataijua iwe ile. Picha za mjukuu anazo arobaini kwenye simu.

Mumewe, fundi viatu, amelichukulia jambo hilo kwa utani. "Mimi nimemwambia tu asisogelee sufuria, mboga itazidi viungo," anasema. Mkewe anampiga na kitambaa cha meza.

Siku sita baadaye, Alhamisi, mwandishi wa makala haya anarudi kwenye foleni ile. Mama Saumu anapuliza. Pua anafumba macho.

"Safi."

"Nusa tena."

"Safi, dada."

"Tena."

"Nikunuse mpaka nife? Nimesema safi!"

Mama Saumu anamgeukia mwandishi. "Na wewe hebu ninuse." Pumzi yake inanukia chai ya tangawizi na dawa ya meno. Anaambiwa hivyo, naye anajifuta macho kwa mgongo wa glavu. Foleni nzima inapiga makofi.

Likizo yake inaanza Jumamosi. Anafunga barakoa, anaivuta mikanda mara mbili, kisha anatumbukiza sahani kumi na nne, moja moja, na kuwasha umeme mdogo. Jirani yake wa tangi la pili anamchokoza: "Ongeza kidogo, shoga, uondoke kesho."

"Thubutu!"

Simu inaita mfukoni. Haigusi. Anatazama maji mpaka inyamaze. Ni meupe, hayana hata dalili ya rangi.

"Jumamosi saa nne nitakuwa mlangoni kwao," anasema. "Nitampakata mpaka anikojolee. Na akinikojolea simshushi."