Paa Lililowekewa Chai

Na msinianzie tena kwamba kijana ni mzembe! Huyo mwanafunzi wa usanifu majengo analala sebuleni kwa shangazi yake. Mgeni akipiga hodi tu, lazima akunje godoro, akusanye karatasi, abebe na ile nyumba yake ndogo ya mfano, ya maboksi, anayoiunda kwa ajili ya masomo, huku gundi bado mbichi. Vidole vyake vimeganda gundi mpaka simu haimtambui. Mchana anachanganya rangi dukani, na bosi akiita, "Wewe msomi, umelala?" anaitika, "Nakuja, bosi!" akiwa ameshafika. Hata ukiongea naye, mkono wake unapima mlango kwa shubiri, na mwenyewe hana habari.

Leo katoka dukani mbio, akamkuta jirani kajiachia kwenye kochi, kikombe cha chai kakiweka juu ya paa la ile nyumba. Kazi ya muhula mzima, na walimu wanaikagua kesho asubuhi!

"Mjomba, hicho si kimeza," akasema taratibu.

"Aa, samahani baba, nilidhani stuli! Lakini si umeona ilivyo imara?" Jirani akacheka.

Shangazi akamkata jicho. "Salimia mgeni kwanza."

"Shikamoo, mjomba." Akainua kikombe kwa mikono miwili, paa likang'oka pamoja nacho. Akabaki kasimama katikati ya sebule, hajui aviweke wapi, na mfukoni simu inaita. Bosi.

Basi wewe unayemwita mzembe, uliyejaza viti vibovu kwenye chumba kizima nyumbani kwako, vitoe nje leo hii, umpe huyu kijana meza.