Samaki Sabini na Sita Wasiokuwepo

Nakumbuka asubuhi moja kule Lubunga, ng'ambo ya mto, mwanangu, na mpaka leo inanichoma. Nakusimulia kwa sababu jana uliniambia mama mkwe wako anakupunja. Labda ni kweli. Mimi mwenyewe simwamini mtu upesi. Sisi watoto wa wachuuzi wa Butembo tulifundishwa kuhesabu kwanza, kushukuru baadaye. Lakini sikiliza.

Nilikuwa nimechumbiwa na kijana wa watu wa Yanonge, wavuvi waliohamia Lubunga. Nyumba tano za ukoo wao zilivua pamoja, na mama yake ndiye aliyegawa samaki wa kukausha kwa moshi. Shule hakuiona. Alichomeka samaki sita kwenye kila kijiti. Vijiti sita vikajaza kapu. Kisha akakata alama kwenye mwanzi: kwanza makapu, katikati vijiti vilivyozidi, mwisho samaki waliobaki peke yao.

Siku hiyo alikuwa amekata moja, tatu, moja. Mimi, na diploma yangu mpya, nikasoma mia moja thelathini na moja. Nikahesabu samaki wenyewe kimyakimya: hamsini na watano tu! Nikamtazama yule mama, nikatazama kitenge chake kilivyovimba kiunoni, nikatazama mlango wa jiko. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea.

"Maman," nikasema mbele ya nyumba zote tano, "samaki sabini na sita iko wapi?"

Mchumba wangu akainamisha kichwa. Mama hakukasirika, na hilo ndilo lililonitia hofu.

"Mutoto," akaniuliza, "kapu moja iko na samaki ngapi?"

Nikalifungua tena, nikahesabu. Thelathini na sita. Vijiti vitatu, kumi na wanane. Na yule mmoja wa peke yake. Hamsini na watano. Hakuna aliyepotea; nilikuwa nimesoma kwa kumi hesabu iliyokatwa kwa sita.

"Bon," akasema. "Gawa kapu kwa nyumba tano: samaki moja inabakia. Gawa kijiti: moja inabakia. Donc, kwa kujua zenye zinabakia, miye naangalia alama tu. Moja, tatu, moja, inafanya tano. Kila nyumba inaongeza moja, hakuna mwenye atalia."

Kila nyumba ikapata saba wa kapu, watatu wa vijiti na mmoja wa nyongeza: kumi na mmoja. Diploma yangu haikunionyesha hilo! Nikapiga magoti, nikaomba msamaha. Akaniinua, akasema yameisha.

Hayakuisha, mwanangu. Alinipokea nyumbani, akanilelea watoto; lakini kila mgao, hadi mwaka aliokufa, alininyooshea ule mwanzi mbele ya wote: "Hesabu weye kwanza." Watu walicheka. Nami nilihesabu, macho chini. Hesabu haikupungua hata siku moja.

Maji yakimwagika hayazoleki. Kushuku sikukatazi, dunia hii ina wezi, na huyo mama mkwe wako simjui. Ila kabla neno "mwizi" halijakutoka mdomoni, muulize anahesabuje. Muulize mkiwa wawili, jikoni, si mbele ya watu. Kuuliza si ujinga.

Nenda sasa. Mungu akupe jicho kali na ulimi mzito. Na siku ukikosea, akujalie mkwe mwepesi wa kusahau kuliko wangu.