Ndiyo ya Mama

Mama yangu humjibu daktari kwa neno moja tu: ndiyo. Maumivu yamepungua? Ndiyo. Umekula? Ndiyo, na hajatia kitu kinywani tangu jana. Kwake yeye, kumpinga mtu aliyevaa koti jeupe ni kukosa adabu. Nyumbani, kwa Kiembu, hakuna anayemweza kwa maneno. Umahiri huo wote huishia kwenye lango la hospitali.

Kaka yangu alinipigia simu nikiuza viazi sokoni Gakoromone, mbali na nyumbani. Mama alikuwa amejikata mguu kwa panga akipogoa michai kule Kibugu, kidonda kikaoza, na kituo cha afya kule Manyatta kilikuwa kimempeleka hospitali mjini Embu. Sikuwaza kidonda. Niliwaza penisilini. Nilipokuwa shule ya msingi alidungwa sindano hiyo, uso ukavimba, koo likaziba, nusura tumzike. Sasa mtu akimuuliza, "Shosho, dawa zote ziko sawa kwako?" nilijua atakachojibu.

Nilimwachia jirani viazi vyangu nikapanda gari la Embu. Njia nzima nilimpigia kaka, naye hapatikani. Nilimkasirikia yeye, nikaikasirikia simu, nikamkasirikia Mama na heshima zake.

Nilimkuta wodini anakunywa uji. Mguu umefungwa bandeji safi, mkononi ana utepe mwekundu ulioandikwa kuwa asipewe penisilini. Nilijitupa kitandani pake bila kumwomba mtu ruhusa.

"Nani aliwaambia kuhusu penisilini?" nilimuuliza muuguzi, kwa ukali ambao hakustahili.

"Manyatta walipiga simu kabla hajafika," akasema. "Siku hizi tumekubaliana na vituo vyote vinavyotuletea wagonjwa. Wao wanasema habari za mgonjwa kwa simu, sisi tunarudia, tukikosea wanatusahihisha hapo hapo. Na tuliacha kuuliza wazee maswali ya ndiyo. Hawa watu wetu wako na heshima mbaya sana."

Akamgeukia Mama. "Shosho, hebu mwambie. Ukidungwa penisilini inakufanya nini?"

"Inaniua," Mama akasema, akaupuliza uji wake.

Wodi nzima ilicheka. Nami nilicheka, machozi yakinitiririka, nikajifuta kwa leso iliyojaa vumbi la viazi.

"Na wewe ungewaambia bila kuulizwa?" nikamchokoza.

"Kule Manyatta waliniuliza ni dawa gani ilinishinda. Hiyo utaijibu ndiyo namna gani?"

Nilifurahi kupita kiasi. Nilitaka kumkumbatia yule wa Manyatta nisiyemjua, na huyu wa Embu, na hata kaka na simu yake mbovu.

Muda wa kuwaona wagonjwa ulipokaribia kwisha, nilimfunika Mama blanketi nikamuuliza kwa mazoea, "Mama, uko sawa?"

"Ndiyo."

Nikachukua mkoba wangu. Kisha nikasita. Hiyo "ndiyo" yake nimeipokea tangu utotoni, nikaenda zangu kila mara. Niliinama nikamuuliza upya, kwa Kiembu, anajisikiaje.

Aliuzungusha ule utepe mkononi.

"Niliogopa sana," akasema. "Usiende kwanza."

Nikauweka mkoba chini.