Posho Niliyoikataa Kibondo

Nilikwenda Tanzania kwa sababu nilichoka kuwa mwalimu wa jina tu. Cheti changu cha chuo kikuu kilikuwa kimetundikwa sebuleni kwa mama, Webuye, na kila mgeni aliyeingia alikisoma kisha akaniuliza ninafundisha wapi. Sikuwa nikifundisha popote. Serikali ilikuwa haijaniita, shule za binafsi za karibu zilikuwa zimejaa wenzangu, na sare ya binti yangu Nekesa ilikuwa imenunuliwa na bibi yake. Basi rafiki aliponiambia kwamba shule moja ya Kibondo, mkoani Kigoma, inatafuta mwalimu wa Kiingereza kutoka Kenya, sikuuliza Kibondo ni wapi. Niliuliza kama wanalipa kila mwezi.

Asubuhi ya kuondoka Nekesa hakulia, na hilo liliniuma kuliko kilio. Alitaka tu kujua nitarudi lini. Nilimwambia Desemba, shule zikifungwa. Akanitaka nirudie, nikarudia. Mimi ni mtu wa hasira za karibu na maneno ya haraka, lakini mtoto simwahidi ovyo, na ahadi hiyo niliitoa mbele ya mama yangu.

Sirari tulivuka mpaka, Mwanza nikalala, na alfajiri nikapanda basi jingine. Baada ya Nyakanazi nchi ilianza kupanda. Misitu ya miombo ilitukaribia pande zote, mizinga ya nyuki ikiwa imetundikwa juu ya miti, na udongo ukawa mwekundu kiasi kwamba hata mbuzi weupe walikuwa wamegeuka rangi. Sikujua kuwa nchi kubwa namna hiyo inaweza kukaa kimya hivyo. Karibu na Kakonko, afisa wa uhamiaji alipanda kukagua vitambulisho. Aliposikia Kiswahili changu alitabasamu, akaniuliza nakwenda kufanya nini, kisha akanirudishia pasipoti na kuniambia huku watu hawana haraka, nijiandae.

Kibondo nilipokewa na Mama Salma, mwenye duka la nafaka karibu na soko, ambaye wazee wake walitoka Tanga. Nyuma ya duka alikuwa na chumba cha kupangisha. Alinipa maji ya kuoga, chai ya tangawizi na onyo: nisipite mtu bila kumsalimia. Kesho yake nilielewa. Watoto niliokutana nao njiani walisimama, wakainama kidogo, wakapiga makofi mepesi na kunisalimia kwa Kiha, "Mwakeye." Mimi niliyezoea kurukwa na watoto wa kwetu kama shimo la barabarani nilisimama pale nisijue mikono yangu niiweke wapi.

Siku ya mkataba niliingia ofisini kwa mkurugenzi, Bwana Ntahondi, ndiye mwenye shule. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kawaida ya kunyamaza kidogo kabla ya kujibu. Mkataba uliandikwa kwa Kiswahili na alinisomea kila kifungu. Mshahara tulikubaliana. Vipindi tulikubaliana. Kisha akasoma kwamba mwalimu atapewa pia posho.

Kwetu Webuye, posho ni unga wa mahindi. Kinu cha kusaga ni kinu cha posho, na mtu anayelipwa posho ni kibarua anayelimia chakula. Niliona picha yangu nimepanga foleni stoo na debe kichwani, mimi mwenye shahada, na damu ikanichemka.

"Posho sitaki," nikamwambia. "Nitajinunulia mwenyewe sokoni."

Akanyamaza, kama kawaida yake. Ukimya wa watu wa kule sikuwa nimeuzoea, nikadhani ananibembeleza.

"Posho zote, mwalimu?" akauliza.

"Zote. Kata hicho kifungu tuweke sahihi."

Alikikata kwa rula, taratibu. Tulipomaliza kuweka sahihi alisimama, akainamisha kichwa na kunipigia yale makofi mepesi. Nilitoka nikijisemea kwamba hii ni nchi ya ajabu, watu wanapiga makofi kwa ajili ya unga.

Miezi iliyofuata ilinifanya nishangae kila siku. Asubuhi ukungu ulijaa mabondeni, vilima vikabaki vikielea juu yake, na mimi nilikwenda shule nikitazama huku na huku hadi Mama Salma akanitania kwamba nitaanguka mtaroni. Saa nne watoto walipewa uji wa mahindi, na wale waliotoka mbali walikunywa mara mbili. Nami nilikunywa nao, nikausifu. Lakini lililonishangaza zaidi ni wazazi. Kila juma mtu alibisha hodi na kitu mkononi: maharage, mkungu wa ndizi, parachichi, chupa ya asali. Mzee Baranyikwa, mkulima kutoka Mabamba aliyekuwa na wajukuu wawili darasani kwangu, alikuja na mihogo na kukataa hata kukaa. Mama Salma naye alinipunguzia kodi bila kuombwa, akasema mtu kama mimi Mungu ndiye atakayemlipa. Nikadhani hivyo ndivyo wanavyowatendea Wakenya wote. Nikajiona mtu wa maana.

Siku moja mwenzangu ofisini alilalamika kwamba posho ya mwezi imechelewa. Nilimpa pole, nikamwambia labda ni kwa sababu mahindi yamepanda bei. Alifikiri, akasema kweli, ndiyo maana wanaisubiri kwa hamu. Tukaachana tukiwa tumeelewana vizuri sana.

Juma moja shule ilifungwa, nikaenda Mabamba kumsalimia Mzee Baranyikwa. Alinipandisha kilima nyuma ya shamba lake. Ng'ambo ya bonde ilikuwa Burundi, vilima nyuma ya vilima, mashamba yamekatwa viraka hadi kileleni, na moshi wa majiko ya nchi mbili ukichanganyika katikati. Nilisimama pale machozi yakanilenga, na sababu siijui vizuri hadi leo. Mzee alisubiri hadi nilipomaliza kutazama. Kisha akaniuliza habari za mtoto wangu, nikamwambia kuhusu Desemba.

Desemba ilipofika, walimu wote tuliitwa Kasulu, ambako mkurugenzi ana shule ya pili, kwa kikao cha kufunga mwaka. Basi lilifika mapema, nikazunguka sokoni. Wanawake wa Kikongo kutoka kambi ya Nyarugusu walikuwa wakiuza vitenge na samaki wakavu, wakiniita "mama mwalimu" kwa Kiswahili chao kinachopanda na kushuka. Nilimchagulia Nekesa kitenge chenye ndege wa manjano, nikamwomba muuzaji aniwekee hadi mchana. Mshahara wa mwisho nilikuwa nimeutuma nyumbani wote kwa karo ya Januari. Nauli nilijua itatoka kwenye kikao, maana walimu walikuwa wakisema njia nzima kwamba leo kuna pesa ya likizo, kila mtu ya kumfikisha kwao.

Kikaoni mhasibu aliita majina. Kila mwalimu alikwenda mbele akapewa bahasha. Jina langu halikuitwa. Mhasibu alifunga mkoba wake.

Nikasimama. Sitaandika yote niliyosema, mengine yalikuwa Kibukusu. Nilisema mkataba umevunjwa, nimefanya kazi kama wenzangu, nitakwenda ofisi ya kazi Kigoma na sitoki hapo. Hakuna aliyenikatiza, na kule kusikilizwa hadi mwisho kulinimaliza nguvu kuliko kama wangebishana nami.

"Mwalimu," akasema Bwana Ntahondi, "hii ni posho ya likizo. Posho ulizikataa mwenyewe. Ya nyumba, ya nauli, ya likizo, zote."

"Nilikataa unga," nikasema.

"Unga gani?"

Nikaeleza. Nilieleza kinu cha posho, debe, foleni, kila kitu. Mwenzangu wa ile bei ya mahindi aliweka kichwa mezani, mabega yakamtikisika. Mkurugenzi hakucheka. Alikaa chini polepole na kufuta uso kwa leso.

Ndipo nilipopata kujua siri ya mwaka wangu wote. Wiki ile niliyokwenda Kigoma kufuatilia kibali changu cha kazi, kulikuwa na kikao cha wazazi. Mkurugenzi aliwaambia kwamba mwalimu mgeni, mwanamke aliyeacha mtoto kwao, amekataa posho zake zote. Wakadhani nimezitoa kwa ajili ya watoto. Wakakubaliana zisirudi mfukoni mwa shule, zinunue mahindi, watoto wanaotembea kutoka mbali wapate uji.

"Ule uji ndio posho yako, mwalimu," akasema. "Imeliwa. Na mahindi ya muhula ujao nimeshaagiza. Nikikulipa leo, itabidi nisimamishe uji."

Niliwaza zile chupa za asali. Niliwaza makofi ya mkurugenzi. Niliona aibu hadi masikioni, lakini Nekesa naye nilimwona akilini, amekaa kwenye ngazi ya nyumba akiangalia barabara. Nikamwambia mkurugenzi asisimamishe uji. Nikamwambia pia kwamba nimemwahidi mtoto wangu, na kwamba sina hata nauli ya kufika Mwanza. Akasema neno hili limeshakuwa la wazazi, lazima lirudi kwao. Jioni ile niliondoka Kasulu bila kitenge. Njia nzima ya kurudi Kibondo sikuongea na mtu, na mtu kama mimi asipoongea ujue mambo ni mazito.

Kesho yake wazazi walifika shuleni. Nilitamani nijifiche. Mkurugenzi aliwaeleza jinsi ilivyokuwa, bila kuongeza wala kupunguza, nami nikasimama nikasema ni kweli: sikuwatolea watoto wao kitu, nilikataa kwa kiburi kitu nisichokijua, na vyakula vyao nimekula bure. Nilingoja wakasirike. Ukimya ulikaa muda mrefu, na safari hii niliuacha ukae.

Mzee Baranyikwa ndiye aliyesimama.

"Twebwe tuliambiwa umekataa posho, tukaamini," akasema kwa Kiswahili chake chenye Kiha. "Na kweli ulikataa. Watoto wamekunywa uji, nao ni kweli. Hapa sioni mwongo. Huyu mama anataka kumwona mtoto wake. Sasa mimi nina mahindi ghalani."

Alikaa. Hakuna hotuba nyingine. Wanawake walizungumza Kiha kwa sauti ya chini, mkurugenzi akaandika kifungu kipya: kuanzia Januari posho zangu zote zirudi, na unga wa uji walete wazazi wenyewe, kila nyumba kwa uwezo wake. Kuhusu nauli hakuna aliyesema neno, nikadhani imepita.

Mchana walianza kufika dukani kwa Mama Salma. Mmoja alileta gunia kwenye baiskeli, mwingine ndoo kichwani, mwingine maharage kwenye kitambaa. Mzee Baranyikwa alikuja na pikipiki kutoka Mabamba, mahindi mbele na nyuma. Mama Salma aliyapima yote kwenye mizani yake, akaingia ndani, akatoka na thamani yake: nauli yangu hadi Webuye. Akanishikisha mkononi na kufunga vidole vyangu juu yake. Nilisimama katikati ya magunia yale nikalia mbele ya soko zima. Watu wazima walikuwa wameniinamia na kunipigia makofi mepesi mwaka mzima. Siku hiyo ndipo nami niliinama, nikawapigia yao.

Alfajiri ya kuondoka, mmoja wa wanawake aliniletea kifurushi kidogo, unga wa mahindi uliosagwa usiku huo, wa kumpelekea mtoto. Niliubeba mapajani Kakonko, Mwanza hadi Sirari, na walinzi wa mpaka waliufungua wakaufunga.

Mkataba wangu wa sasa nimeuwekea sahihi baada ya kuuliza kila neno, hata yale ninayoyajua, na mkurugenzi hunyamaza kidogo kabla ya kunijibu. Nimejifunza kuuacha ukimya wake ufanye kazi. Wenzangu mnaokwenda kufundisha nchi za watu, ulizeni maneno mnayoyajua kwanza. Ni hayo yaliyoniponza mimi.

Desemba ile, Webuye nilifika jioni. Nekesa alikuwa kwenye ngazi, kama nilivyomwona akilini kule Kasulu. Hakukimbia, alinitazama kwanza kuhakikisha, kisha akaja akashika mfuko wangu na kuanza kuupekua. Mama yangu alitoa kile kifurushi, akakinusa, akaniangalia.

"Mwaka mzima Tanzania," akasema, "na umeniletea posho?"

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Ndiyo posho yangu yote. Weka maji jikoni."